Watani Kumi wa Tezi Adrenali

Una tezi mbili za adrenali, moja juu ya kila figo, kama figo imevaa baraghashia. Moja ina uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Ukiziweka zote mbili kwenye mizani ya muuza dagaa, mshale hautajua kama umewekewa kitu.

Ukitaka kuijua tezi hii, fikiria embe. Nyama ya nje ni jiko, na kokwa la ndani ni ghala. Jikoni yuko mama ntilie anayepika kwa oda: anachukua kolesteroli, anatoa kotisoli ya kukabili homa na njaa, aldosteroni ya kulinda chumvi, na homoni za kiume kidogo za kukolezea. Hana kiporo. Ukimzuia kupika leo, leo hiyo hiyo hakuna chakula. Ghalani mambo ni tofauti: adrenalini imeshapakiwa kwenye vifuko vidogo, inasubiri mshipa wa fahamu ubishe hodi.

Oda za jikoni hutoka kichwani. Haipothalamasi humtuma pituitari, pituitari hutuma homoni iitwayo ACTH, na mama ntilie huwasha moto. Kotisoli ikijaa kwenye damu, wale wa kichwani hupunguza oda. Kishike hicho, kitatufaa huko mbele.

Kila mwenye tezi ana watani wa tezi, yaani dawa zinazoichokoza. Nimewapanga kumi kwa kelele: mwenye kelele nyingi namba 10, asiyesikika kabisa namba 1. Mtani wangu mimi, anayekaa kila asubuhi kwenye benchi nje ya duka letu la dawa na ambaye siku hizi amenawiri hata shati halifungi, ameusoma mpango huu na kusema hajawahi kuona mashindano ambayo mshindi ni bubu. Nimemwambia akaandike yake.

10. Kahawa

Muuza kahawa wa mtaa wetu hupita saa 12 asubuhi, dele juu ya mkaa, vikombe vikigongana mkononi kabla hujamwona mwenyewe. Mtani huagiza viwili na kashata moja. Leo ameagiza kimoja, na kimepoa pale pale kwenye benchi. Sikuuliza.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwapa watu 9 wasio na mazoea ya kahawa miligramu 250 za kafeini, sawa na vikombe vikubwa viwili au vitatu. Adrenalini kwenye damu yao ilipanda kwa asilimia 207. Presha nayo ikapanda.

"Ndiyo maana nikinywa kahawa napata ujasiri wa kudai madeni," anasema mtani.

Wewe unadai? Mimi nilidhani wewe ndiye deni lenyewe.

Habari njema kwa wazee wa baraza ni kwamba mwili huzoea ndani ya siku chache, na anayekunywa kila asubuhi hapati mtikisiko kama ule wa mgeni. Kahawa inapiga kelele mlangoni, ghala linafunguka kidogo, kisha kila mtu anarudi kwenye bao lake.

9. Sigara, na ndugu yake ugoro

Mshipa wa fahamu unaoingia kwenye kokwa la tezi hubisha hodi kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Nikotini ni ufunguo bandia wa kitasa hicho hicho. Seli za ghala haziwezi kutofautisha. Zinamwaga adrenalini zikiamini amri imetoka juu.

Sasa msikilize mvutaji: "Nachomoa moja nitulie." Moyo wake unakwenda mbio, presha imepanda, mishipa imejikunja, naye anaita hali hiyo utulivu. Sehemu kubwa ya utulivu huo ni arosto iliyonyamazishwa kwa muda. Ni sawa na kumshukuru mtu aliyekukanyaga kwa sababu ameinua mguu.

Wasomaji wa Meru na Mombasa mtauliza miraa iko wapi. Kathinoni ya kwenye miraa hufanya kazi yake kubwa kwenye ncha za mishipa ya fahamu, huko huko inakokamua noradrenalini. Mapigo yakipanda, tezi inasingiziwa. Nimeiacha nje ya orodha kwa kukosa ushahidi wa kuitia hatiani, na mtani amesema hiyo ni rushwa.

8. Metoklopramidi

Hii ni dawa ya kuzuia kutapika, ya kawaida kabisa, na wewe msomaji pengine umewahi kuchomwa bila kujua jina lake. Kwa karibu watu wote haina neno na adrenali. Lakini wapo wachache wenye uvimbe kwenye kokwa la tezi, uitwao feokromositoma, ghala lililojaa kupita kiasi na lenye mlango mbovu. Kwa hao, sindano ya metoklopramidi inaweza kulipasua: presha inaruka, kichwa kinapasuka, jasho linatoka kama bomba, moyo unadunda hadi jirani anausikia.

Dalili zenyewe huja na kuondoka. Leo mgonjwa anatetemeka na kuloa, kesho mzima. Wengine huzungushwa kwa waganga watatu kutafutiwa jini, na jini lenyewe liko juu ya figo.

7. Reserpini

Asili yake ni mizizi ya mrauwolfia, ambao India waliutumia kwa karne nyingi na ambao ndugu yake wa misitu ya Kongo naye anatoa dawa hiyo hiyo. Uswisi waliichuja reserpini mwaka 1952, na kwa miaka kadhaa ilikuwa dawa kubwa ya presha.

Mwaka 1956, huko Lund nchini Uswidi, Arvid Carlsson na Nils-Åke Hillarp waliwachoma sungura reserpini, kisha wakapima adrenalini iliyobaki kwenye tezi zao. Ghala lilikuwa limekauka. Sungura wa hadithi zetu huwa mjanja, lakini safari hii hakuwa na ujanja. Dawa haikuvunja mlango wala kuiba. Ilichofanya ni kuwafukuza wapakizi: pampu inayoingiza homoni kwenye vifuko ikasimama, na mzigo uliobaki nje ya vifuko ukaliwa na vimeng'enya. Kutoka hapo Carlsson alihamia kwenye ubongo na dopamini, na mwaka 2000 akapewa Nobel.

Mtani anauliza sungura walipewa nini. Ni swali la haki.

6. Kaptoprili na wenzake

Hapa tunahamia jikoni, kwenye aldosteroni, ile inayong'ang'ania chumvi na kuitupa nje potasiamu. Oda yake haitegemei sana pituitari. Inatoka kwenye figo, kupitia mlolongo unaoishia na angiotensini, na dawa za kundi la kaptoprili, enalaprili na lisinoprili zinaukata mlolongo huo katikati. Angiotensini ikipungua, tezi hailetewi oda ya aldosteroni, chumvi inatoka kwenye mkojo, presha inashuka.

Wazo lilitoka kwa nyoka. Mbrazili Sérgio Ferreira, miaka ya 1960, alichunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaka, ambayo huangusha presha ya anayeumwa. Wakemia wa Marekani wakafuata nyayo hadi kidonge cha kaptoprili kikaruhusiwa mwaka 1981. Yaani mzee wa Kariakoo anayeogopa hata mjusi anameza kila asubuhi fikra ya nyoka.

Kuna jambo moja la pwani hapa. Aldosteroni ikipungua, potasiamu inabaki mwilini, na dafu lina potasiamu ya kutosha. Mwenye figo nzima hana haja ya kuhofu dafu lake la jioni. Mwenye figo mbovu anayekunywa madafu matatu kwa siku juu ya kaptoprili, kwa sababu jirani alimwambia dafu husafisha figo, anachezea umeme wa moyo. Na jirani huyo hatahojiwa na mtu.

Heparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, nayo hupunguza aldosteroni. Nimeitaja ili isinung'unike.

5. Tramadoli, mofini na ukoo wao

Kelele zinaanza kushuka. Hizi ni dawa za maumivu, na nyingine zimeshatoka hospitali kwenda kuishi mtaani. Zikitumika kwa muda mrefu huwatia usingizi wale wa kichwani: haipothalamasi inasinzia, ACTH haiji, mama ntilie anakaa bila oda. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya hilo. Mtumiaji anachoka, anakosa hamu ya kula, anapungua, na kila anayemwona anasema ni madawa. Wanasema kweli, ila njia iliyopita hawaijui.

4. Ndugu wawili wa Beerse

Ketokonazoli na etomidati zilizaliwa kwenye maabara moja, ya Janssen, katika mji mdogo wa Beerse, Ubelgiji. Ya kwanza ni ya fangasi, ya pili ni ya usingizi wa upasuaji. Hakuna aliyezituma kwenda kwa adrenali. Zote mbili zilifika huko kwa kiherehere chao.

Kazi yao haihusu oda. ACTH inafika, moto unawaka, kolesteroli ipo mezani, ila vimeng'enya vya kuigeuza kotisoli vimefungwa mikono. Etomidati humbana hasa yule wa hatua ya mwisho: chakula kimekaribia kuiva, na mtu amekaa juu ya mfuniko.

Etomidati ilipendwa kwa sababu haiangushi presha kama dawa nyingine za usingizi. Huko Glasgow, Uskoti, wakawa wanaitumia kwa dripu siku hadi siku kuwalaza majeruhi walioko kwenye mashine za kupumulia. Mwaka 1983 madaktari wawili, Ledingham na Watt, wakaandika barua kwa jarida la Lancet: kati ya majeruhi waliolazwa kwa mofini walikufa asilimia 28, na kati ya waliolazwa kwa etomidati asilimia 77. Mgonjwa amevunjika mifupa, ana maambukizi, anahitaji kotisoli kuliko wakati wowote maishani, na dawa ya kumtuliza imeshika mfuniko wa sufuria. Dripu hiyo ikaachwa. Dozi moja ya kuanzishia usingizi bado inatumika, na madaktari bado wanaibishania, kwa sababu hata hiyo moja huizima tezi kwa saa kadhaa.

Nilimsomea mtani kipande hicho na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuwa na neno.

Ketokonazoli ya kumeza nayo, dozi ikiwa kubwa, hushusha kotisoli na homoni za kiume, hata wanaume wengine wakaota matiti. Mwaka 2013 Ulaya iliiondoa kwenye matibabu ya fangasi, hasa kwa sababu ya kuumiza ini. Mwaka uliofuata ikarudi kwa mlango wa nyuma kama dawa ya ugonjwa wa Cushing, wa watu ambao kotisoli yao imefurika. Kosa lake limekuwa ajira. Ile ya kupaka au ya shampuu haifiki kwenye tezi, basi usiitupe.

Kwa wanaotaka ukali zaidi kuna mitotane. Ni binamu wa DDT. Ndiyo, ile ya kuulia mbu. Mwaka 1949 iligundulika kuwa mbwa waliopewa jamii hiyo ya kemikali gamba la tezi zao, yaani lile jiko, lilinyauka, na leo hutumika kutibu saratani ya gamba hilo. Wengine humzuia mpishi. Huyu huchoma jiko.

3. Rifampisini

Kidonge chekundu cha kifua kikuu, kinachogeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa na kuwatia wagonjwa hofu ya bure. Kwenye tezi yenyewe hakigusi kitu. Kinachofanya ni kuliamsha ini lichakate haraka dawa na homoni nyingi, kotisoli ikiwemo. Mtu mwenye tezi nzima hafahamu. Mama ntilie anaongeza tu sufuria.

Shida ni kwamba kifua kikuu chenyewe hupenda kujificha kwenye adrenali. Mwaka 1855, Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, alieleza habari za wagonjwa 11: wamedhoofu, hawana nguvu, tumbo halitulii, ngozi imekuwa nyeusi isivyo kawaida. Zama hizo kifua kikuu ndicho kilichokuwa kinaongoza kuziharibu tezi hizo, na kwenye nchi zenye TB nyingi, zetu zikiwemo, bado hakijastaafu. Tezi huvumilia mpaka karibu asilimia 90 yake imeliwa ndipo dalili zijitokeze.

Basi mpigie hesabu mgonjwa ambaye tezi imebaki na asilimia 12. Anajikongoja. Anaanza dawa za TB, jambo sahihi kabisa, na ini linaanza kuteketeza hata ile kotisoli kidogo. Wiki chache baadaye anatapika, presha imeshuka, sukari imeshuka, na nyumbani wanasema dawa zimemkataa. Dawa hazijamkataa. Anahitaji haidrokotisoni, na kwa dozi kubwa kuliko ya kawaida, maana nayo itachakatwa kwa kasi ile ile.

Kwa ngozi zetu, weusi wa Addison hautafutwi shavuni. Tazama ufizi, mistari ya kiganja na makovu mapya.

Mtani anauliza kama mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa na maana yoyote duniani. John F. Kennedy aliambiwa anao mwaka 1947, akiwa London. Mwaka 1954 akapasuliwa mgongo New York huku akipewa homoni ambayo tezi zake hazikuweza kutoa, na mwaka 1955 jarida la madaktari wa upasuaji likaeleza habari za mgonjwa wa miaka 37 bila kumtaja jina. Mwaka 1960 akachaguliwa rais, na watu wake wakakanusha ugonjwa huo kwa uso mkavu. Wewe mtani tezi zako nzima, na hujawahi kushinda hata ujumbe wa nyumba kumi.

"Nani kakwambia nzima?" akasema. Nikacheka.

2. Ritonaviri akiwa na mwenzake

Peke yake hana makuu. Ritonaviri huwekwa kidogo, miligramu 100 tu, ndani ya dawa za mstari wa pili za VVU, kazi yake ikiwa kuzuia ini lisiichakate dawa kubwa aliyofuatana nayo. Ni kinyume cha rifampisini: yule huliamsha ini, huyu hulifunga mdomo.

Sasa mgonjwa ana mafua ya mzio. Anapewa dawa ya kupuliza puani yenye flutikasoni, steroidi ya hapo hapo puani isiyotakiwa kwenda safari. Au goti linamuuma anachomwa triamsinoloni. Au ana kovu lililovimba, anachomwa hiyo hiyo. Kwa kawaida ini lingeisafisha ile inayovuja kwenye damu. Sasa mdomo umefungwa, steroidi inajaa siku baada ya siku, na wale wa kichwani wakiipima wanasema kotisoli ipo tele, acheni kupika. Mgonjwa ananenepa uso na tumbo, miguu inakonda, mistari myekundu inachora kiunoni, na akipimwa kotisoli yake mwenyewe haipo. Ana dalili za wingi na upungufu kwa pamoja, kama nyumba iliyofurika maji huku bomba lake limekauka.

Waliomwandikia ni watu wawili wazuri kwenye vyumba viwili tofauti. Wa kliniki ya VVU hakuulizwa habari ya pua, na wa pua hakuambiwa habari ya VVU kwa sababu mgonjwa aliona aibu. Beklometasoni ingekuwa salama zaidi, na bei yake si ya kutisha.

1. Steroidi zenyewe

Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Marekani, Philip Hench alimchoma kotisoni mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakagawana Nobel. Siwezi kuzisema vibaya dawa hizi mbele ya mtu mwenye pumu. Janga la Uviko lilipokuwa kali, Juni 2020, deksamethasoni ya miligramu 6 kwa siku, isiyozidi siku 10, ilionekana kupunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Ni mtani mwenye heshima zake.

Ila sikiliza anavyotania. Kila siku lori linashusha pilau ya bure mbele ya kibanda cha mama ntilie. Wateja hawaagizi tena. Wiki ya kwanza anangoja. Mwezi wa pili anazima moto. Mwezi wa nne ameuza sufuria, maana ACTH haileti oda tu, ndiyo pia inayoifanya tezi isinyauke. Lori lisipokuja siku moja, hakuna mkaa wala sufuria wala mpishi. Kulijenga jiko upya huchukua miezi, mara nyingine mwaka na zaidi.

Ukimya wa mtani huyu hupimika. Hospitalini wana mtego: unameza miligramu 1 ya deksamethasoni saa 5 usiku, na saa 2 asubuhi, wakati kotisoli huwa juu, unatolewa damu. Kwa mtu mzima wa afya, kotisoli inakuwa imelala chali. Miligramu moja, usiku mmoja, na hujasikia lolote. Vidonge vinavyouzwa mtaani kama njugu vinafanya hivyo kila usiku. Prednisoloni ya miligramu 5 ina nguvu sawa na miligramu 20 za haidrokotisoni, na deksa ya miligramu 0.75 hali kadhalika, na hicho ni kama kile jiko zima linachopika kwa siku. Watu huvinunua kwa ajili ya mgongo, kikohozi, muwasho. Kinshasa wapo wanaomeza deksa ili wanenepe tu. Wananenepa kweli.

Kisha mkorogo. Dada mmoja alileta kopo lake kaunta nimwambie lina nini. Lilikuwa kopo la mafuta ya mtoto, ndani kitu cha rangi ya maziwa ya mgando chenye michirizi miekundu, na kijiti cha barafu kikiwa bado kimesimama katikati. Alikumbuka alichokoroga: losheni, mafuta ya karoti, na tyubu tatu alizozitaja kwa rangi ya boksi. Mbili kati ya hizo zilikuwa klobetasoli, steroidi ya kupaka kali kupita karibu zote. Inajulikana kwamba gramu 2 tu za klobetasoli kwa siku zinaweza kuizima tezi. Gramu 2 ni vipande vinne vya krimu vyenye urefu wa pingili ya juu ya kidole cha shahada, vya kutosha kupaka eneo la viganja vinane. Mwili mzima unataka kama gramu 20. Kwenye kopo imechanganywa na losheni, sawa, lakini aliyekoroga hakuwa na mizani. Na alipaka asubuhi na jioni, miaka miwili.

Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye steroidi, na mtaani watu wana kejeli zao za uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola. Kejeli hizo hukomea kwenye ngozi. Hakuna anayemwambia dada kwamba siku atakayopata malaria kali au kupasuliwa kujifungua, mwili utaomba kotisoli mara kadhaa ya kawaida na jiko halitakuwepo. Wanaume msicheke. Ile krimu ya mchanganyiko mnayonunua kimya kimya kwa ajili ya fangasi wa mapajani, someni boksi.

Washairi wetu humsifu mpenzi kwa uso wa mwezi. Daktari naye ana uso wa mwezi kwenye vitabu vyake: mashavu yamejaa, yamekuwa duara, yana wekundu. Hamsifii mtu.

Nilipofika hapo nikisoma kwa sauti, mtani aliweka mkono shavuni.

Nilimtazama kama ambavyo ningemtazama mteja. Shavu la duara. Tumbo mbele, mikono myembamba. Mimi mwenyewe mwezi wa Ramadhani nilimwambia amenawiri, nikamuuliza anakula nini. Akatoa kwenye mfuko wa shati bahasha ndogo ya dawa, ile ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu 1x2 bila jina la dawa wala la duka. Ilikuwa tupu. Alisema ni vile vyeupe vya mgongo, alielekezwa na mtu wa stendi, anameza tangu kabla ya mfungo. Miezi minane. Juzi viliisha, akaona bora apumzike maana mgongo hauumi tena. Jana alitapika. Leo akisimama anaona giza, na kahawa inamnukia vibaya.

"Hiyo ni namba ngapi?" akauliza.

Nilimmezesha prednisoloni na maji nusu glasi, nikasimama karibu nione kama itabaki tumboni, kisha nikaandika kwenye karatasi dawa, dozi ya kukisia, muda, siku aliyoacha, na chini yake kwa herufi kubwa HAIDROKOTISONI 100 NA DRIPU YA CHUMVI AKIZIDIWA. Nikafunga duka. Bajaji ilipofika alikuwa ameegemea nguzo, kijasho chembamba juu ya mdomo, na alikataa kupanda mpaka nimwambie kama kikombe chake cha kahawa kimelipiwa.